Vidole vya Mirindi, Macho ya Huguette

Mirindi wa Kinama ni fundi wa vitanda, na wanaomjua husema vidole vyake vilienda shule peke yao vikamwacha mwenyewe nyumbani. Hakasiriki akiambiwa hivyo. Ni kweli aliacha masomo darasa la tatu, kule Uvira, mwaka ambao vita vilifika na kila mtu akakimbilia mto Rusizi na alichoweza kubeba. Yeye alibeba vidole. Hapa Bujumbura vikampa kazi kwenye karakana moja ya Musaga, vikampa chumba na sebule Kinama, na msicheke, vikampa na mke.

Mke alimpata kwenye ukumbi wa Play, wa michezo ya televisheni. Enzi hizo alikuwa kijana wa ishirini hivi, na kila akitoka kazini alipitia Buyenzi kwa bwana mmoja aliyekuwa na televisheni tatu, mashine tatu na benchi moja refu la kungojea zamu. Wenzake walicheza mpira. Mirindi alipenda mchezo mmoja tu, wa hadithi, ambao pale ukumbini waliuita Binti wa Mto. Msichana mdogo anapanda kufuata mto mkubwa mpaka unakoanzia, anapigana na mijusi mikubwa, anafungua milango, anavusha watu, na katika kila kijiji anauliza kama kuna aliyemwona mama yake. Maneno yote yalikuwa ya Kifaransa. Mirindi aliyabonyeza yapite, kama mtu anayefukuza inzi kwenye sahani, akaendelea kupigana. Ndiyo maana Binti alikuwa anazama mahali palepale wiki nzima, na fundi wetu haelewi kosa liko wapi.

Jioni moja akaingia dada mmoja kumtafuta mdogo wake, Prodige, aliyekuwa ametoroka masomo ya jioni. Dada mwenyewe alikuwa Huguette, mwalimu wa watoto wa wakimbizi, mwenye diploma ya sekondari na mkono mwepesi wa kuvuta masikio. Alimkamata Prodige, akageuka atoke, jicho lake likaangukia televisheni ya Mirindi.

"We," akasema, sikio la mdogo wake likiwa bado mkononi. "Hausomi? Huyu muzee anakuambia usivuke. Anasema urudie kwa nyumba, ukamate kamba."

"Kamba gani?"

"Ile uliacha kwa mulango! Unazamisha mutoto wa watu juu ya uvivu wa kusoma."

"Si uvivu, mwalimu. Mi sijue Kifaransa."

Alilisema bila kujikunakuna, na hilo lilimpendeza Huguette kuliko kama angejifanya anajua. Akaliachia sikio, akakaa benchini. Prodige alitoweka papo hapo, hata leo anadai ndoa ile aliifunga yeye. Mpaka ukumbi unafungwa, Binti alikuwa amevuka mto, amepata taa, amemdanganya mlinzi wa daraja, na Mirindi kwa mara ya kwanza alikuwa ameelewa kwa nini mlinzi wa daraja anastahili kudanganywa. Yeye alikuwa vidole, Huguette akawa macho. Mambo yakaenda hivyo tangu siku ile.

Kwao Huguette walinung'unika. Shangazi mmoja aliuliza kama diploma siku hizi huolewa na randa. Lakini mapenzi ni kikohozi, hayafichiki, na wawili hawa walikohoa hadharani mpaka watu wakachoka kunung'unika.

Mashine walizowahi kuwa nazo walizipa majina, kama watu wengine wanavyowapa ng'ombe. Ya kwanza ilikuwa Tofali: ya mkononi, ya kijivu, nzito, isiyo na taa ndani. Ilitoka sokoni ikiwa imeshapita kwa watoto watatu wa tajiri mmoja. Kwa sababu haikuwa na taa, ilibidi wakae mlangoni kwenye mwanga, vichwa vimegusana kama mbuzi wawili kwenye ndoo moja, na betri zikichoka Mirindi alizianika juu ya bati kutwa nzima zipate nguvu ya kuwachezesha robo saa tena. Kwenye Tofali walicheza sehemu ya kwanza na ya pili za Binti wa Mto. Tofali lilianguka sakafuni, likaangukiwa na nyundo, likamwagikiwa chai, likaendelea. Ukimwuliza Mirindi mashine bora duniani ni ipi, hatafakari.

Kisha likaja Sanduku, la nyumbani, la kuunganisha kwenye televisheni. Hilo lilikula miaka mingi na sehemu tatu za hadithi. Ndiyo ilikuwa miaka yao mizuri. Sebule ilijaa, kwa sababu Huguette hakusoma tu maneno. Aliyageuza Kiswahili papo hapo na kila mtu wa hadithi akampa sauti yake. Mfalme wa mijusi alizungumza kama mkurugenzi wa shule yake, mafua na yote. Wamama wa jirani ambao hawangegusa mashine hata kwa fimbo walikuja na maharage yao ya kuchambua, wakaketi, wakauliza, "Jana tuliishia wapi?" Mtoto hawakujaliwa, Mirindi na mkewe, na ulimi wa mtaa ulishasema kwamba wale wawili wanalea mashine. Lakini ulimi huohuo jioni ulikuja kukaa sebuleni kwao kusikiliza.

Baada ya Sanduku kuchoka walipata Kioo, cha mkononi, chembamba, kinachong'aa. Mirindi alikipenda kwa sababu maji ya mto yalionekana maji kweli. Huguette alikichukia kwa sababu herufi zilikuwa ndogo kama mayai ya sisimizi. Sehemu ya sita waliimaliza wakigombana, na mwaka maji yalipoingia Kinama hadi magotini, Kioo kikazama nayo bila Huguette kumwaga chozi. Halafu Kitabu. Hicho kilifunguka kama kitabu kweli, na kilikuwa na vioo viwili: picha juu, maneno chini, makubwa, yaliyotulia.

"Hapa juu ni pako," Huguette alimwambia siku ya kwanza, akikipapasa. "Hapa chini ni pangu. Sasa ndiyo nyumba."

Kila Jumapili baada ya ibada walibishana ipi ilikuwa bora, Tofali au Kitabu, na ubishi wenyewe ulikuwa mtamu kuliko wali. Mirindi anasema Kitabu ni cha watu wa ofisi. Huguette anasema Tofali ni la kujengea choo. Wakicheka, sufuria inaungua.

Sehemu ya nane waliimalizia kwenye Kitabu. Binti amefika juu kabisa, kwenye chemchemi, na mbele yake amesimama mwanamke mwenye kitenge chekundu, amempa mgongo. Katika sehemu zote nane mama yule huonekana kwa mgongo tu: anaingia mlangoni, anapotea sokoni, anavuka ng'ambo. Binti anaita. Picha inakuwa nyeupe yote. Mwisho, mpaka sehemu ya tisa, ambayo ndiyo ya kufunga yote.

Huguette alikifunga Kitabu polepole. Mama yake mwenyewe, siku ya kukimbia Uvira, alimkabidhi Prodige mgongoni na kumwambia, "Tangulia na mutoto, mi nakuja." Hakuja. Hakuna aliyeleta habari yake, wala ya uzima wala ya kifo, na Huguette hakuwa mtu wa kulizungumza. Siku ile alisema tu, "Mi nataka ageuke. Nione sura yake. Kisha hii michezo tutaiacha."

"Atageuka," Mirindi akasema. Hivyo ndivyo alivyoahidi, na mtu akiahidi kitu ambacho hana, hilo ni deni la kinywa.

Kabla ya sehemu ya tisa ulikuja ugonjwa. Sukari ilikuwa imekaa mwilini mwa Huguette kimya kimya, ikamshika miguu, ikamwachisha chai tamu, kisha ikapanda machoni. Alianza kuona nyuzi nyeusi zikielea kwenye ubao wa darasani. Akafikiri ni chaki. Jicho la kulia likafunga kama dirisha, na daktari wa macho, kijana mpole aliyechoka, hakuwazungusha: la kulia limekwisha, la kushoto linafuata, dawa ya kulizuia haipo hapa, na pale ilipo wao hawatafika. Huguette akauliza limebakiwa na muda gani. Daktari akasema miezi, lakini asihesabu mingi.

Njiani Mirindi alimshika mkono. Huguette ndiye aliyesema. "Basi ya tisa ifanye mbio."

Ya tisa ilishatoka zamani, ila kwa mashine ya nyumbani ambayo huku haikufika. Fundi wa kutengeneza redio na mashine za Play anayeaminika upande wa kaskazini ni Karimu wa Cibitoke, naye alisema hajawahi kuishika hata moja. Kwa hiyo Huguette akampigia Prodige. Prodige, yule wa sikio, alishachukuliwa Amerika na mpango wa wakimbizi, anafanya kazi kwenye kiwanda cha kuku, na sauti yake siku hizi huja imepoa kwa usingizi. Dada mtu alimweleza habari ya jicho. Prodige akasema ataitafuta mashine yenyewe na diski yake, na ndani mtu anaweza kuchagua Kifaransa, kile cha watu wa Canada.

Ikaja. Mchungaji mmoja aliyekuwa anatembelea ndugu aliileta ndani ya begi la nguo za watoto, siku ya katikati ya wiki, Kinama yote ikiwa haina umeme kwa siku ya tatu. Mashine nyeusi, nzuri, imefungwa kwa fulana. Huguette aliigusa pande zote. Jicho la kushoto wakati huo lilisoma bado, mradi herufi ziwe kubwa na yeye akae karibu, kwa hiyo akavuta kiti chake cha plastiki mpaka magoti yakakaribia televisheni, akakiacha hapo tayari.

"Hii tunaiita nani?" Mirindi akauliza.

"Ngojea kwanza iseme."

Sasa, kichwa cha waya wa mashine ile kilikuwa cha miguu miwili bapa, ya Kiamerika, na tundu za ukutani kwetu ni za mviringo. Kitu hicho pekee kingempa mtu mwingine sababu ya kukuna kichwa. Lakini vidole vya Mirindi havikuwa na desturi ya kungoja kichwa. Alipoona haviingiliani, alikata kile cha Amerika kwa kisu, akakwangua nyaya, akafungia kichwa cha pasi yao ya zamani, akakaza skrubu, akazungushia utepe. Kazi safi. Alimwonyesha Huguette, na Huguette akamsifu.

Simu ya Mirindi ilikuwa imelala chini ya mto wa kitanda, imezimika kwa kukosa chaji tangu umeme ulipokatika.

Mtu asiyekaa mitaa ile hajui umeme unavyorudi. Hausemi hodi. Ghafla mtaa mzima unapiga kelele, watoto wanaruka, "Courant! Courant!", na kila mtu anakimbia kuchomeka kila alicho nacho kabla haujaondoka tena, maana unaweza kukaa usiku kucha na unaweza kukaa kiasi cha kupiga pasi shati moja. Hakuna anayefikiri wakati ule. Mwenye njaa hana miiko. Kelele zilipopigwa, jua lilikuwa linazama. Huguette alikuwa uani anageuza ndizi kwenye mkaa. Mirindi angeweza kuchomeka simu kwanza. Alichomeka mashine.

Ilitoa mlio mdogo, kama punje ya mahindi inapopasuka kikaangoni. Halafu taa ya sebule ikazimika na televisheni ikazimika, kwa kuwa swichi kubwa ya ukutani, ile inayolinda nyumba, ilikuwa imejiangusha yenyewe. Moshi mwembamba ukapanda nyuma ya mashine. Mirindi aliupepea kwa mikono miwili, akafungua dirisha, akavua shati akaifunika.

Huguette akaingia akijifuta mikono, akapapasa ukuta. "Ni nini? Imeenda tena?"

Ingekuwa rahisi kusema. Neno moja. Lakini kiti kile cha plastiki kilikuwa pale, kimesogezwa hadi mbele.

"Imeenda tena," Mirindi akasema.

"Aa, hii courant ya Kinama!" Huguette akaguna, akarudi kwenye ndizi zake.

Kesho yake akiwa Musaga aliiweka simu kwenye chaji ya karakana, na ilipoamka ikatoa ujumbe wa sauti wa Prodige, wa tangu siku ambayo mashine ilipanda ndege. "Shemeki, hiyo mashine usiichomeke hivi hivi. Ya huku inakula umeme nusu ya wa kwenu. Utaiunguza. Tafuteni kwanza transfo, ile ya kupunguza umeme, Karimu anayo. Unasikia, shemeki? Kwanza transfo." Mirindi aliusikiliza mara mbili, akakaa juu ya godoro ambalo halikuwa lake, na bosi wake akamwuliza amefiwa na nani.

Aliibeba mashine kwa Karimu imefungwa kwenye gunia. Karimu aliifungua, akanusa, akainua kibanio chenye kipande cheusi. Alikuwa na heshima zake, humwita Mirindi "Grand", na habari mbaya husema akiangalia pembeni.

"Grand, ingekuwa tu kile kisanduku cha moto, ningekupa kingine. Lakini moto umeingia mpaka kwa ubongo. Hapa hakuna la kufanya."

"Jaribu hata hivyo."

"Nijaribu nini, Grand? Hii imekwisha."

La kuvunda halina ubani. Mirindi akaiacha palepale, akabaki na diski tu mfukoni. Akampigia Prodige, akakiri kwake, kwa kuwa ni rahisi kukiri kwa mtu aliye mbali. Prodige hakumgombeza, na hilo lilimuuma zaidi. Alisema atajaribu tena, lakini mashine zenyewe sasa ni za kale hata kule, na msafiri mwingine anayemjua atakuja mwisho wa mwaka. Mwisho wa mwaka! Jicho lile lilikuwa halina mwisho wa mwaka.

Jioni alirudi nyumbani ameshapanga atakavyosema. Alikuta Huguette amekaa kwenye kiti kile, mbele ya televisheni iliyozimika, gizani, miwani amevaa.

"Bado hakuna?" Huguette akauliza.

Swichi ya ukutani ilikuwa bado imeanguka vilevile. Hakuna aliyeinyanyua, na Huguette tangu macho yaharibike hakuigusa. Mirindi aliitazama. Kuinyanyua ilikuwa kazi ya kidole kimoja.

"Bado," akasema. "Wanasema ni nguzo yetu. Fyuzi ya nguzo."

Hivyo ndivyo alivyojifungia. Siku moja ikawa wiki, wiki zikafuatana. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi, lakini hawakuwahi kukaa Kinama, ambako hakuna uongo unaoaminika kama huo. Nani atashangaa kwamba hakuna umeme? Swichi ikabaki chini. Wakala kwa mshumaa, wakasali kwa mshumaa, na mshumaa ukiisha wakalala. Redio ya Huguette ilikwenda kwa betri. Mirindi alijiambia anangoja tu apate mashine nyingine, ndipo aseme yote kwa pamoja, ubaya na uzuri, na kila Jumapili badala ya kukaa nyumbani aliizunguka mitaa, kumbi za Play na wauza vya mitumba, akionyesha diski kama mtu anayetafuta ndugu aliyepotea. Walimtazama, wakatikisa vichwa. Wengine walikuwa hawajazaliwa Tofali lilipokuwa jipya.

Siku za kazi aliondoka kabla ya mapambazuko. Petroli ilikuwa imeadimika, basi za kwenda kusini zikawa za kubahatisha, kwa hiyo alikwenda Musaga kwa miguu na kurudi kwa miguu, na akifika nyumbani kulishaingia giza. Kwenye kizingiti alivuta pumzi kabla ya kuingia. Upande wa pili wa ukuta wao kulikuwa na mashine ya kusaga unga ya Sulemani, inayokula umeme wa waya uleule, na jioni nyingi ilikuwa inanguruma mpaka vikombe vinatetemeka kabatini. Mara ya kwanza alipoisikia akiwa anasema "bado", jasho lilimtoka. Alishatunga jibu, kwamba Sulemani amevuta laini yake mwenyewe. Huguette hakuuliza. Mirindi akamshukuru Mungu kwa hilo, jambo ambalo si la kumshukuru Mungu.

Kila jioni ilikuwa hivyo hivyo. "Bado?" "Bado." "Haya. Kesho." Kisha Huguette alimwomba amsimulie tena sehemu ya nane ilivyoishia, naye akamsimulia: chemchemi, kitenge chekundu, mgongo. Alisimulia vibaya. Kusimulia hakukuwa kazi yake. Huguette alimsahihisha, akaongeza sauti, na kwa dakika chache wakawa wale wa zamani. Halafu mshumaa unaisha.

Mirindi aliona jicho linavyokwenda. Aliona Huguette anamwaga chai pembeni mwa kikombe, anaweka Biblia puani kisha anaifunga, anaitikia salamu upande ambao mtu hayupo. Kila alichokiona kilimwambia sema leo, na kila siku alisema kesho. Woga una subira kuliko mapenzi, hiyo ndiyo aibu yake.

Jioni moja alimkuta amekaa kitandani, si kwenye kiti. Mikono ilikuwa mapajani. Alimsalimia, Huguette akageuza uso, ukapita alipo ukaenda mlangoni.

"Limekwisha, fundi," akasema. "Tangu asubuhi. Nilifikiri ni mawingu."

Mirindi alikaa chini, pale sakafuni. Hakulia kwa sauti. Huguette alinyoosha mkono ukatafuta kichwa chake, ukakipata, ukatulia hapo. Ng'ambo ya ukuta Sulemani alikuwa anasaga.

Mirindi aliinuka. Hakujua anafanya hivyo kwa nini. Labda kwa sababu sasa hapakuwa na cha kulinda. Alikwenda ukutani, akainyanyua swichi. Sebule ikawaka yote, mpaka chumbani. Kwa mara ya kwanza baada ya wiki zote zile alimwona mkewe kwenye mwanga, akaona alivyokonda, akaona kitambaa kizuri alichojifunga kichwani, cha Jumapili, siku ambayo haikuwa Jumapili.

"Mwalimu," akasema. "Ile mashine niliiunguza. Ile siku ya kwanza. Mi mwenyewe, kwa hii mikono. Hakuna nguzo, hakuna fyuzi. Courant ilikuwako siku zote, mi ndiye nilikuwa naizima."

"Najua," Huguette akasema.

"Unajua nini?"

"Nilisikia harufu. Macho ndiyo yalikuwa yanakufa, pua ni nzima. Na huyu Sulemani iko anasaga kila mangaribi, we ulifikiri mi nadhani anasaga kwa miguu?"

Alisema kwa utani, kwa sauti ile ya mfalme wa mijusi kidogo, na Mirindi angeweza kucheka kama angekuwa mtu mwingine. Badala yake akauliza, "Sasa mbona haukusema? Ulikuwa unakaa hapa kwa giza, unaniuliza bado, bado. Mbona haukusema?"

"Nilikuwa nangojea we useme."

"Juu ya nini ungojee?"

"Nilijua siku utasema, utawasha taa." Huguette alitengeneza kitambaa chake. "Ya mashine nilishaachaga, fundi. Yule mama ageuke, asigeuke, mi nilishaachaga. Lakini we unatoka kungali giza, unarudia giza imeingia. Jumapili hauko. Mi nilikuwa nataka nikuone kidogo, basi."

Mirindi alisimama na mkono bado ukutani. Taa ilikuwa inawaka juu yao wote wawili, naye hakujua aizime au aiache.